Padri, Leo ni Tarehe Ngapi? Mhadhara juu ya uchungaji kwa mateka wa vita ugenini

Ndugu mapadri, wachungaji, masista, nanyi wanafunzi mliojibanza kule mlangoni, asanteni kwa kunialika.

Anayeshuka Bonde la Ufa kutoka Nairobi kwa barabara ya chini, kabla hajafika Mai Mahiu, hukuta kando ya lami kanisa dogo. Ni dogo kweli kweli: wakikaa watu 12 limejaa. Lilijengwa mwaka 1942 na mateka wa Kiitalia waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo hiyo. Waliochoshwa na mawe ya serikali iliyowashinda vitani walibakiza nguvu za kupanga mawe yao wenyewe.

Naanzia hapo kwa sababu tukisema "huduma ya kichungaji" wengi wetu tunamwona mtu anayetoka nje: anafika langoni, anaonyesha kibali, anahubiri, na jioni haijafika keshaondoka. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Siku zangu za mwanzo gerezani nilikwenda na mahubiri ya dakika 40, nimeyaandika vizuri, yana vipengele. Nilipomaliza, mzee mmoja wa mstari wa mbele akainua mkono. Nikajua anataka kuuliza juu ya wokovu. Akasema, "Padri, leo ni tarehe ngapi?"

Mfungwa aliyehukumiwa angalau anajua siku yake ya kutoka. Mateka wa vita hajui. Hana hukumu, hana kosa la kutubia kwa hakimu, na kifungo chake kitakwisha watu wasiomjua watakapopatana. Wale Waitalia waliletwa Kenya baada ya dola yao kuvunjika hapa jirani, Ethiopia: Mwanamfalme Amedeo wa Aosta, mkuu wa majeshi yao, alisalimu amri Amba Alagi mwezi Mei 1941, Gondar ikaanguka Novemba. Makumi ya maelfu wakatawanywa Nanyuki, Gilgil, Naivasha, Londiani. Vita vikaisha 1945, nao bado wapo, wanangoja meli. Wengi waliona kwao tena 1946 au hata 1947.

Ukitaka kujua kungoja huko kunavyomfanya mtu, kumbuka kisa cha Januari 1943. Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka kambi ya Nanyuki, wakaupanda Mlima Kenya kwa vifaa walivyojiundia kambini, wawili kati yao wakasimika bendera yao kilele cha Lenana, halafu wote watatu wakarudi wenyewe kambini. Wakatiwa selo. Watu husimulia kisa hiki kama cha ushujaa, na ushujaa upo. Mimi nasikia ndani yake mzee wangu wa gerezani: walihitaji siku moja isiyofanana na jana.

Sasa, nani angewahudumia? Wamisionari wa Consolata, Waitalia, walikuwa nchi ya Wakikuyu tangu 1902. Lakini Italia ilipoingia vitani tarehe 10 Juni 1940, wengi wao nao wakawekwa kizuizini. Waliojua kuungamisha kwa Kiitalia wakawa wenyewe ndani ya seng'enge.

Sheria ya wakati huo ilikuwa Mkataba wa Geneva wa 1929. Kifungu cha 16 kinampa mateka uhuru kamili wa ibada, mradi afuate utaratibu wa kambi, na kinamruhusu kasisi aliye mateka kuwahudumia wenzake wa dini yake. Mkataba wa Geneva wa 1949 juu ya mateka wa vita ukaongeza nguvu. Kasisi wa jeshi akikamatwa hahesabiwi mateka. Anabakizwa pale tu mateka wanapomhitaji. Apangwe na watu wa jeshi lake, au wa lugha yake, au wa dini yake. Asilazimishwe kazi nyingine. Apewe usafiri wa kuwafuata walio kwenye vikosi vya kazi nje ya kambi. Pasipokuwa na kasisi, mlei anayefaa anaweza kuteuliwa. Someni wenyewe kuanzia kifungu cha 33 hadi 37. Ni kurasa chache, na siku moja mtazihitaji mbele ya ofisa asiyezijua.

Lakini sheria haikufundishi la kufanya tarehe 8 Septemba 1943. Siku hiyo ilitangazwa kwamba Italia imeacha kupigana na Washirika, yaani Uingereza na wenzake. Kambini, adui wa jana sasa ni nani? Wako waliokubali kushirikiana na Waingereza, wako waliokataa katakata, na hawa wote wanapanga foleni moja ya Komunyo. Kasisi akicheka na hawa ni msaliti, akinywa kahawa na wale ni mfashisti. Mgeni wa Jumapili haoni hata kama kuna ufa. Aliye ndani anauona kwa namna watu wanavyochagua mabenchi.

Nije kwa Emil Kapaun, padri wa jeshi la Marekani, aliyekamatwa Unsan, Korea, Novemba 1950. Angeweza kuondoka, akabaki na majeruhi. Kambini Pyoktong alifanya nini? Aliiba chakula usiku akagawa. Alitwanga mabati yakawa sufuria, akachemshia wagonjwa maji. Na tarehe 25 Machi 1951, katika kambi ambako dini ilidhihakiwa, aliongoza ibada ya Pasaka. Tazameni hiyo tarehe. Watu waliokuwa wakihesabu maiti wakajua kwamba leo, popote duniani, ni Pasaka. Alikufa tarehe 23 Mei mwaka huo huo.

Mtaniambia: kwa hiyo wa nje hana kazi? Hapa Jürgen Moltmann ananiharibia hoja. Alikuwa kijana wa Kijerumani, mateka mikononi mwa Waingereza, na aliyempa Biblia alikuwa kasisi wa jeshi lililomshinda. Akaangukia Zaburi ya 39, kisha kilio cha Yesu msalabani katika Marko. Alikuja kuwa mwanateolojia mkubwa. Kasisi yule hakukaa naye miaka. Alimwachia kitabu akaenda zake. Sina jibu zuri. Labda ni hili tu, kwamba hakumhubiria.

Na wa nje ana kazi nyingine: majina. Papa Pius XII alifungua ofisi ya habari za mateka mwaka 1939, na Redio Vatikani ikawa inasoma majina hewani, jina baada ya jina. Mama yuko jikoni kijijini, anasikiliza majina ya watoto wa wenzake, anangoja la wake. Hakuna mahubiri hapo, na mimi nauita uchungaji.

Amedeo hakurudi kwao. Alifia Nairobi tarehe 3 Machi 1942, akiwa mateka bado, na amezikwa Mathari, Nyeri, katika kanisa la kumbukumbu pamoja na askari wake zaidi ya 600. Mkipita Nyeri ingieni. Msiende moja kwa moja kwa mwanamfalme. Simameni kwanza kwa wale wengine, msome majina yao kwa sauti, hata mkiyakosea matamshi.

Haya, maswali. Tuanze na nyinyi wa mlangoni.