Nani Aliyevitunza Vitabu? Mazungumzo Kuhusu Wamonaki, Ngozi na Herufi

REHEMA: Karibu, msikilizaji. Mimi ni Rehema, na nipo na mwenzangu Josefati, ambaye wiki nzima amekuwa akinung'unika kwa sababu ya barua moja ya mwaka 1416. Kaka Josefati, huyo mwandishi wa barua amekukosea nini?

JOSEFATI: Asante, dada Rehema. Mimi hajanikosea, bali amewakosea wamonaki, yaani watawa wa monasterini. Poggio Bracciolini alikuwa katibu katika ofisi ya Papa, na alijikuta hana kazi mjini Konstanz baada ya Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, kumwondoa Papa huyo madarakani mwaka 1415. Akaitumia nafasi hiyo kuzunguka monasteri za jirani akitafuta vitabu vya Warumi wa kale. Katika monasteri ya St. Gallen, chini kabisa ya mnara, alikikuta kikiwa kizima kitabu cha Quintilian kuhusu ufundi wa kusema, ambacho wasomi wa Italia walikijua kwa nakala zenye mapengo makubwa. Akamwandikia rafiki yake kwamba mahali hapo palikuwa pachafu kiasi kwamba hata mtu aliyehukumiwa kifo asingefaa kutupwa humo. Ndipo hadithi ikaota mizizi kwamba wamonaki waliifungia elimu gerezani kwa miaka elfu moja, hadi Waitaliano walipokuja na funguo.

REHEMA: Nawe huikubali.

JOSEFATI: Nauliza swali moja tu: kile kitabu kilifikaje mnarani? Quintilian alikufa karibu na mwaka 100, na hakuna nakala iliyoandikwa kwa mkono wake. Kila neno alilolisoma Poggio lilikuwa limenakiliwa na mtu aliyeketi akainamia ngozi, na kabla yake alikuwapo mwingine aliyefanya vivyo hivyo. Papiro, yaani karatasi za mafunjo, huoza. Kitabu kisichonakiliwa hufa chenyewe, bila kuchomwa na mtu yeyote.

REHEMA: Lakini kwa nini Mkristo wa wakati ule ajisumbue na maandishi ya wapagani? Ninavyokumbuka, Mtakatifu Jeromu aliota ndoto akiwa mbele ya hakimu wa mbinguni, akaambiwa kwamba yeye si Mkristo bali ni mfuasi wa Cicero, yule mnenaji mpagani wa Roma, kisha akachapwa viboko.

JOSEFATI: Ndivyo alivyosimulia mwenyewe, na wasiwasi huo ulikuwa wa kweli. Jibu lililodumu zaidi lilitoka Afrika ya Kaskazini, kwa Agostino, askofu wa Hippo, mji ulio katika Algeria ya leo. Alisema kwamba Waisraeli walipotoka Misri walibeba dhahabu na fedha za Wamisri wakazitumia kwa ibada yao. Vivyo hivyo Mkristo na achukue sarufi, hesabu na ufundi wa kusema kutoka kwa wapagani, kwa maana ukweli ni mali ya Mungu popote unapookotwa. Agostino alifariki mwaka 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji wake.

REHEMA: Wazo lilikuwapo, basi. Kazi yenyewe ilianzia wapi?

JOSEFATI: Mimi humtaja kwanza Cassiodorus, aliyekuwa mtumishi mkubwa wa wafalme wa Wagothi nchini Italia. Alitamani kuanzisha shule ya elimu ya Kikristo mjini Roma, vita vikamzuia. Alipozeeka akarudi kwenye ardhi ya ukoo wake huko Calabria, akajenga monasteri aliyoiita Vivarium, yaani mabwawa ya samaki, kwa kuwa yalikuwapo mabwawa ya kufugia samaki. Hapo aliwawekea wanakili taa zinazojiongezea mafuta zenyewe, saa ya jua, na saa ya maji kwa ajili ya usiku na siku za mawingu. Aliwaambia kwamba kila neno la Bwana wanaloliandika ni jeraha kwa Shetani. Tena, akiwa na umri wa miaka 93, aliwaandikia kitabu cha tahajia ili wasikosee herufi.

REHEMA: Miaka 93, na bado anasahihisha tahajia za watu! Huyo alikuwa mwalimu kwelikweli.

JOSEFATI: Monasteri yake haikudumu sana baada ya kifo chake, lakini vitabu vilisafiri. Biblia yake moja kubwa ilifika Roma, na huko ikachukuliwa na wamonaki wawili waliokuwa wametoka kaskazini ya Uingereza, Benedict Biscop na Ceolfrith. Ceolfrith alipokuwa abate, yaani mkuu, wa monasteri ya Wearmouth na Jarrow aliamuru ziandikwe Biblia nzima tatu. Moja imesalia kamili, nayo ndiyo Biblia ya Kilatini iliyo kamili na ya kale kuliko zote tulizonazo. Ina karatasi za ngozi zaidi ya 1,000, na uzito wake ni kilo 34 hivi.

REHEMA: Huo ni mzigo wa punda, si kitabu cha kushika mkononi. Hebu tuifanye hesabu. Ngozi moja ya ndama hutoa karatasi ngapi za ukubwa huo?

JOSEFATI: Mbili, kwa sababu ngozi inakunjwa katikati. Kwa hiyo Biblia moja ilihitaji ndama zaidi ya 500, na zote tatu zilihitaji zaidi ya 1,500. Kila ngozi ililowekwa kwenye chokaa, ikakwanguliwa manyoya, ikavutwa kwenye fremu na kuparuzwa kwa kisu chenye ubapa uliopinda, kisha ikakauka ikiwa bado imekazwa. Baada ya hapo ilichorwa mistari kwa ncha kavu, ndipo mnakili akashika unyoya.

REHEMA: Ina picha yoyote?

JOSEFATI: Inayo, nami naipenda kuliko kitu kingine chochote ndani yake. Kuhani Ezra ameketi kwenye kibao, kitabu kikiwa mapajani, na nyuma yake kuna kabati lililo wazi lenye vitabu tisa vilivyolazwa. Juu yake yameandikwa maneno ya Kilatini yenye maana kwamba, baada ya vitabu vitakatifu kuteketezwa na adui, Ezra, akiwaka kwa upendo wa Mungu, aliirudishia kazi hii uhai. Wataalamu wengi wanaona picha hiyo ilifuata ile iliyokuwa katika Biblia ya Cassiodorus.

Mwaka 716 Ceolfrith, mzee wa miaka 74, aliondoka na Biblia hiyo kuipeleka zawadi kwa Papa. Alifia njiani, huko Langres katika Ufaransa ya leo. Baadaye ilikaa katika monasteri ya Monte Amiata nchini Italia, ambako mtu alilikwangua jina la Ceolfrith akaandika la abate mwingine, na kwa karne nyingi ikadhaniwa kuwa ni kazi ya Waitaliano. Leo ipo Florence.

REHEMA: Biblia naelewa kwa nini waliitunza. Na vitabu vinavyopingana na imani yao?

JOSEFATI: Shairi la Lucretius, mshairi wa Roma ya kale, linafundisha kwamba ulimwengu ni chembe ndogo na utupu tu, na kwamba roho hufa pamoja na mwili. Nakala zake mbili zilizo bora ziliandikwa katika karne ya 9, katika mazingira ya Kikristo ya utawala wa Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, na warithi wake.

REHEMA: Usiwapambe mno, kaka. Monasteri ya Bobbio, kule Italia, je? Kule walichukua kitabu cha Cicero kuhusu dola, wakakikwangua wino, wakaandika juu yake maelezo ya Agostino kuhusu Zaburi. Kama si msomi Angelo Mai kuyagundua maandishi ya chini mwaka 1819, huko Vatikani, sehemu kubwa ya kitabu hicho tusingekuwa nayo.

JOSEFATI: Hapo sina utetezi kamili. Ngozi ilikuwa ghali, na mmonaki wa karne ya 7 aliyehitaji Zaburi kila siku hakuona haja ya siasa za Roma. Walichagua, na kuchagua ni kupoteza pia. Ninachokataa ni kuitwa walinzi wa gereza.

REHEMA: Basi nami nikuongezee ushahidi, kwa kuwa nimeufurahia. Wasomi wa Florence waliuchukia mwandiko wa zama zao, uliobanana na wenye kona kali. Poggio akawa miongoni mwa wa kwanza kuandika kwa mwandiko wa mviringo, walioupa jina la mwandiko wa kale, kwa kuwa waliuona kwenye nakala bora za waandishi wa Roma. Kumbe haukuwa wa Warumi. Ulikuwa mwandiko wa wanakili wa enzi ya Karolo Mkuu, yule aliyeamuru mwaka 789 kwamba shule ziwepo na vitabu visahihishwe.

JOSEFATI: Yaani walipodhani wanamuiga Cicero, walikuwa wanamuiga mmonaki!

REHEMA: Ndivyo. Na mwaka 1465 Wajerumani wawili walipopiga chapa vitabu nchini Italia, walifanyia kazi hiyo Subiaco, katika monasteri ya Wabenediktini, mahali ambapo Benedikto mwenyewe aliwahi kuishi pangoni. Miaka mitano baadaye, huko Venisi, Nicolas Jenson alichonga herufi za chapa kwa kufuata mwandiko ule wa mviringo, na herufi za vitabu vyetu zinatokana na hizo. Nimekuja na kitabu cha sala cha marehemu bibi yangu, kilichopigwa chapa na Wabenediktini wa Peramiho. Itazame hii a ndogo, yenye tumbo chini na kichwa kilichoinama.

JOSEFATI: Lete nione. Bibi ameandika kitu pembeni, kwa penseli.

REHEMA: Amesahihisha tahajia.