Nyaya zizikwe au zibaki juu ya nguzo?

DOTTO: Habari zenu wasikilizaji. Niko na dada Mwanaidi, aliyekula chumvi nyingi kwenye kazi za umeme za wakandarasi, na mimi ni Dotto wa steshenari, ambaye umeme anaujua pale unapokatika tu. Leo sina swali, nina hoja. Dar hii nguzo zote zing'olewe, nyaya zipite chini ya ardhi. Basi.

MWANAIDI: Zote? Mpaka Chanika?

DOTTO: Mpaka Chanika. Masika ikianza kila mtu anajua kinachofuata. Upepo kidogo, mwembe wa jirani unalalia laini, mtaa mzima giza. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, watu walikuwa wanachaji simu kabla hata mawingu hayajajikusanya! Halafu nenda Posta. Sehemu kubwa kule kebo ziko chini. Kwa nini wao wafaidi na sisi tubaki na nguzo zilizoinama?

MWANAIDI: Tuanze na unachokipatia, maana kipo. Kubwa kuliko yote si giza, ni waya ulioanguka. Watu wanadhani waya ukishagusa chini fyuzi inakata, umekufa. Si lazima. Ukiangukia mchanga mkavu au lami, umeme unaopita kwenda ardhini unaweza kuwa mdogo kiasi kwamba vifaa vya kinga havioni tatizo. Waya umelala pale kimya na ni mzima. Mtoto anapita, mbuzi anapita.

DOTTO: Na sisi tunausogeza kwa fimbo ya mwanzi.

MWANAIDI: Msisogeze! Mwanzi mbichi au wenye maji unapitisha umeme. Kaeni mbali, zuieni watu, piga simu. Na kama uko karibu nao tayari, toka kwa hatua fupi fupi, miguu ikiburuzwa bila kuachana, kwa sababu ardhi yenyewe ina umeme na hatua ndefu inakuweka kwenye tofauti kubwa ya volti. Kebo ya chini inaondoa hatari hiyo yote. Kariakoo nako, ghorofa zimepanda mpaka baraza inatazamana na laini. Fundi wa kupaka rangi na ngazi yake ya chuma, fundi wa mabango, hata gari la zimamoto likitaka kuinua ngazi, wote wanagombana na nyaya.

DOTTO: Umeona sasa?

MWANAIDI: Ngoja, sijamaliza kukusifia. Sisi ni mji wa bahari. Chumvi na vumbi vinaganda kwenye vikombe vile vinavyobeba waya, miezi ya kiangazi vinajilimbikiza, halafu manyunyu ya kwanza yanalowesha ule uchafu na umeme unapata njia ya kupita juu ya kikombe. Ndiyo maana mvua ndogo ya kwanza wakati mwingine inakata umeme kuliko mvua kubwa ya wiki ya tatu. Kebo ya chini haina habari na hayo, wala na kunguru wetu na viota vyao vya vipande vya waya.

DOTTO: Basi tumemaliza kipindi, tunywe kahawa.

MWANAIDI: Sasa nikuulize. Dukani kwako kuna siku umeme unazima, sekunde chache, unarudi. Ulishawahi kujiuliza nani kaurudisha?

DOTTO: Mtu wa kituoni kule?

MWANAIDI: Hakuna mtu. Laini ya juu, hitilafu zake nyingi ni za kupita. Tawi limegusa, ndege kaungua, radi imepiga karibu. Swichi inakata, inasubiri kidogo, inajaribu tena. Tawi likishaanguka chini, umeme unashika. Kwenye kebo iliyozikwa hakuna hitilafu ya kupita. Ikitoboka imetoboka, na ukiirudishia umeme unazidi kuichoma. Kwa hiyo laini ya juu inaumwa mara nyingi na kupona haraka. Kebo inaumwa kwa nadra, ila ikilala imelala.

DOTTO: Imelala muda gani? Si unachimba tu unaunga?

MWANAIDI: Unachimba wapi? Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, na nikiri mimi naipenda sana. Laini ya juu, fundi anaendesha gari anatazama juu, anaona waya umeanguka, amepata. Kebo ina kilomita mbili chini ya barabara. Kwanza unaitenga pande zote mbili. Unarusha pigo dogo la umeme kutoka mwisho mmoja, likifika penye jeraha linarudi, na muda uliotumika unakupa umbali. Lakini ule ni umbali wa kebo, siyo wa barabara, na kebo ina kona, ina mikunjo iliyoachwa makusudi. Kwa hiyo unajua ni kama mita mia nane na kitu, hujui ni mbele ya duka gani. Ndipo inakuja mashine inayojikusanyia umeme wa msongo mkubwa na kuuachia kwa mkupuo. Kila ukiachia, kule chini penye kasoro kunalia: du! Fundi anatembea juu na kipaza cha ardhini, visikizio masikioni, anatafuta pale mlio ulipo mkubwa kuliko pengine. Tunapenda usiku, mchana daladala zinakula sauti yote.

DOTTO: Aisee. Yaani mnaitega sikio ardhi.

MWANAIDI: Ndiyo. Ukishapata, uchimbe kwa mkono, usije ukakata na bomba la maji. Halafu jointi. Jointi ya kilovolti 33 haifungwi mvuani, unyevu ukiingia umejitengenezea hitilafu ya mwakani. Unasimamisha turubai, unakausha, anakuja fundi jointi, na hao si wengi. Saa mbili za laini ya juu, huku zinaweza kuwa siku mbili.

DOTTO: Siku mbili mara moja kwa mwaka, mimi nachukua. Kwangu sasa hivi ni zaidi ya hizo.

MWANAIDI: Hesabu hiyo ni halali ukiwa na njia ya pili ya kukulisha. Usipokuwa nayo, waulize Wazanzibari. Unguja ilikuwa inategemea kebo moja ya baharini kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, iliyowekwa mwaka 1980. Mei 2008 ikapata hitilafu, kisiwa kikakaa giza kama mwezi. Desemba 2009 tena, safari hii mpaka Machi 2010.

DOTTO: Nakumbuka! Watu wa boti walikuwa wanapakia jenereta kama viazi. Na maji nayo yalikatika.

MWANAIDI: Kwa sababu pampu za maji zinakula umeme ule ule. Kebo mpya ya megawati 100 ilikuja 2013.

DOTTO: Lakini hiyo ni bahari, dada. Mimi nazungumzia Sinza.

MWANAIDI: Haya, nchi kavu. Auckland, New Zealand, mwaka 1998. Katikati ya jiji kunalishwa na kebo kuu nne za ardhini, na joto la mwaka ule lilikuwa kali. Ikafa moja, mzigo ukahamia kwa wenzake, ikafa ya pili, mpaka zikaisha zote. Wiki kama tano maofisi yanafanya kazi kwa jenereta. Na unajua waliokolewa na nini? Walijenga harakaharaka laini ya muda ya juu, kufuata njia ya reli.

DOTTO: Nguzo!

MWANAIDI: Nguzo. Sababu mojawapo kubwa ya kebo kufa vile ni joto. Waya wa juu unapozwa na upepo bure. Kebo imezungukwa na udongo, joto halitoki kirahisi, na udongo ukikauka ndiyo kabisa. Kwa hiyo kubeba umeme ule ule unahitaji waya mnene zaidi, na ukiuzidishia mzigo hausamehe. Sasa tazama mji wetu unavyoongeza viyoyozi.

DOTTO: Na mafuriko? Maana mimi nilidhani maji na umeme chini ya ardhi ni balaa.

MWANAIDI: Kebo yenyewe nzuri inavumilia kukaa majini. Kinachokufa ni vichwa vyake, yale maboksi ya kugawia umeme pembeni ya barabara, transfoma za chini, swichi. New York walihamishia nyaya chini baada ya dhoruba ya theluji ya 1888, wakafanya vizuri, lakini 2012 kimbunga Sandy kilipoleta maji ya bahari, Manhattan ya kusini ikazima. Weka maboksi hayo Jangwani, pale karakana ya mwendokasi ilipokuwa inaogelea kila masika, utajua.

DOTTO: Tuje kwenye pesa basi.

MWANAIDI: Makadirio yanayotumika sana, kwa laini za kusambaza umeme, ni mara tano mpaka kumi ya gharama ya laini ya juu. Inategemea unachimba wapi. Na EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, wanapopanga bei, gharama ya mtandao imo humo. Kumbuka kelele za kuunganishiwa umeme: ilishushwa mpaka shilingi 27,000, Januari 2022 mijini ikarudi 320,960, na hiyo ni kwa nyumba isiyohitaji hata nguzo moja.

DOTTO: Na Luku tayari inakata kodi ya jengo. Ikiongezwa ya kuzika waya, nitanunua mishumaa.

MWANAIDI: Lakini pesa mimi siyo inayoninyima usingizi. Chukua Tandale, chukua Manzese, Vingunguti. Huo mfereji unapita wapi? Kebo inataka kina cha karibu mita moja, mchanga laini chini na juu yake, vigae vya kuikinga, utepe wa tahadhari. Uchochoro bajaji haiingii. Chini kuna mabomba ya maji ya kila nyumba, yamepita kila mmoja alivyoona. Kuna mashimo ya choo. Msingi wa nyumba unaishia pale njia inapoanzia. Halafu mwakani mzee anaongeza vyumba viwili vya kupangisha, anachimba shimo jipya, sururu inatua kwenye kilovolti 11.

DOTTO: Mmh.

MWANAIDI: Ndiyo maana nakwambia Posta ni Posta. Kule barabara zina hifadhi, kuna ramani. Na hata kwenye barabara kubwa, adui wa kebo si upepo, ni kijiko, ile mashine ya kuchimbia. Leo anachimba wa maji, kesho wa mkongo, keshokutwa wa mfereji wa mvua, na kila mmoja ana mchoro wake au hana. Mimi ningetaka kwanza ramani moja ambayo mtu haruhusiwi kuchimba bila kuiona, kabla ya kebo mpya hata mita kumi.

DOTTO: Sasa wa Tandale wabaki na nyaya za kuanguka? Hapo hunipati. Hao ndio wanaoishi nazo usawa wa dirisha.

MWANAIDI: Hao wanapata ABC. Zile nyaya zilizovikwa plastiki na kusokotwa pamoja, zinapita juu ya nguzo hizo hizo, za mti au za zege. Tawi likizigusa hakuna shoti. Hata vishoka, wale wanaounganisha umeme kinyemela, wanapata shida kuzing'ata. Ukiniuliza pesa ya kwanza iende wapi, iende huko.

DOTTO: Na kuzika, uzike wapi?

MWANAIDI: Kariakoo, bila kubishana. Na mahali popote barabara kubwa inapofumuliwa. Tumefumua Morogoro Road, Kilwa Road, Nyerere Road, Bagamoyo Road, zote kwa ajili ya mwendokasi, nguzo zikahamishwa. Barabara ikiwa wazi, kulaza mabomba matupu ya kupitishia kebo ni gharama ndogo, kwa sababu mchimbaji ameshalipwa. Ukishamwaga zege ndiyo umejifungia, kila kebo baadaye ni kuvunja upya. Kwa hiyo barabara inayofuata, mabomba yalazwe hata kama kebo itakuja miaka kumi baadaye.

DOTTO: Denmark wamezika karibu laini zao zote za kusambaza umeme baada ya dhoruba ya Desemba 1999, nimesoma.

MWANAIDI: Wamezika, na mashamba yao yana ramani ya kila kitu. Na sehemu nyingi zina njia ya pili ya kuzilisha. Ukinipa kuchagua, hospitali au pampu za maji za Ruvu zipate kebo moja ya chini au laini mbili za juu zinazotoka vituo viwili tofauti, nachukua mbili za juu.

DOTTO: Mimi bado nataka mtaa wangu uzikwe.

MWANAIDI: Mtaa wako umepimwa, mdogo wangu. Chukua majirani, nendeni serikali ya mtaa muulize barabara yenu inajengwa lini.

DOTTO: Nimekusikia. Wiki ijayo tunaongea jenereta za uani na moshi wake. Tuma sauti yako, useme unakaa wapi na mara ya mwisho kijiko kilikata nini mtaani kwenu.