Gharama ya Kaya, Faida ya Kijiji

Ndugu wasikilizaji, Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 iliviruhusu vijiji vya Tanzania kutenga sehemu ya ardhi yao kwa ajili ya wanyamapori na kunufaika na mapato yatokanayo nao kupitia jumuiya za hifadhi. Nitaizungumzia jumuiya ya Burunge, wilayani Babati, ambako tembo na nyumbu hupita katika ushoroba, yaani mapito ya wanyama, wa Kwakuchinja, kati ya hifadhi za Tarangire na Ziwa Manyara.

Kanuni za mwaka 2012 ziliagiza kwamba angalau nusu ya mapato ya jumuiya igawiwe vijiji wanachama. Fedha hizo hujenga madarasa na zahanati, na si haba. Hata hivyo, faida huingia kwenye akaunti ya kijiji, ilhali hasara huiangukia kaya moja. Mkulima ambaye mahindi yake yamekaribia kuvunwa hukesha kwenye dungu akiwa na tochi na debe la kupiga, shamba amelizungushia kamba za mkonge zenye matambara yaliyolowekwa oili chafu na pilipili, na bado kundi la tembo likipata upenyo humaliza ekari nzima kabla ya alfajiri. Darasa jipya halimjazii gunia.

Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa waliojeruhiwa au kufiwa. Lakini kanuni za malipo hayo za mwaka 2011 ziliishia kulipia ekari tano tu za mazao, zikaweka shilingi milioni moja kwa uhai wa mtu, na madai yalianzia kijijini, yakapita halmashauri, hadi wizarani. Mwenye shamba aliweza kupanda msimu mwingine akiwa angali anasubiri.

Sisemi madarasa yasijengwe. Napendekeza mkutano mkuu wa kijiji utenge sehemu ya mgao iwe mfuko wa walioharibiwa mazao, na kamati ya kijiji pamoja na afisa ugani wafanye tathmini wakati nyayo na mabua yaliyovunjwa vingali vinaonekana. Wapo watakaosema watu watadanganya. Wanaweza, ingawa ni vigumu kumdanganya jirani mnayepakana naye shamba kuliko karani aliyeko Dodoma. Kinachonisumbua zaidi ni miaka kama 2020, watalii walipoadimika kwa sababu ya korona na tembo wakaendelea kula kama kawaida. Kwa hiyo mfuko huo ujazwe katika miaka ya neema, na usiguswe kwa shughuli nyingine.