Muhuri wa Posta na Ombi la Mahakama ya Kodi ya Marekani

Mabibi na mabwana,

Mlipakodi aliyeletewa notisi ya upungufu wa kodi, yaani barua ya kumdai kodi zaidi, na IRS, mamlaka ya mapato ya Marekani, ana siku 90 za kuwasilisha ombi la kupinga dai hilo katika Mahakama ya Kodi iliyopo Washington, au siku 150 ikiwa notisi imeelekezwa kwa mtu aliye nje ya nchi hiyo. Siku hizo huhesabiwa tangu notisi ilipotumwa, si tangu ilipomfikia.

Ombi likifika kwa kuchelewa, huangaliwa kifungu cha 7502 cha sheria ya mapato, kinachosema kwamba tarehe ya muhuri wa posta kwenye bahasha ndiyo tarehe ya kuwasilisha, mradi muhuri huo usipite siku ya mwisho, anwani iwe sahihi na gharama ya posta iwe imelipwa. Sheria inautazama muhuri. Haikuulizi ulitumbukiza barua saa ngapi. Bahasha iliyotiwa kwenye sanduku la mtaani Ijumaa jioni, siku ya mwisho, ikagongwa muhuri Jumatatu katika kituo cha kuchambulia barua, ni bahasha ya Jumatatu, na ombi lililomo limechelewa. Kwa hiyo mtu makini huenda kaunta mwenyewe, akaituma kwa rejista, ambapo tarehe ya kusajiliwa huhesabiwa kuwa ndiyo ya muhuri, au akahakikisha kwamba karani amemgongea muhuri risiti ya barua yake iliyothibitishwa (certified mail). Risiti uliyojijazia nyumbani bila muhuri wa posta haina nguvu hiyo.

Wenzetu wenye uraia wa Marekani wanaoishi Dar es Salaam au Mombasa wasikilize hapa vizuri: kifungu hiki hakihusu barua iliyokabidhiwa kwa posta ya nchi nyingine. Muhuri wa Posta ya Tanzania hautawaokoa. Kampuni za DHL, FedEx na UPS zinakubalika, lakini kwa zile huduma tu zilizoorodheshwa na IRS. Mwaka 2015 kuna ombi lililotumwa kwa huduma ya FedEx ya kufika alfajiri, ya haraka kuliko zile zilizoorodheshwa, na halikufaidika na kifungu hiki kwa sababu huduma hiyo haikuwamo. Lilinusurika kwa kuwa theluji ilikuwa imeifunga Mahakama siku ya mwisho.

Anayewasilisha kwa mtandao hana muhuri wa kuutegemea, na saa inayohesabiwa ni ya Washington. Wanandoa wa Alabama waliwasilisha ombi lao tarehe 18 Julai 2022, siku yao ya mwisho, saa 5:05 usiku kwa saa ya kwao. Washington ilikuwa saa 6:05 usiku, tarehe 19 imekwisha kuingia, na mwaka 2023 Mahakama ikalitupa ombi hilo.