Honi ya Meli Katika Bandari ya Algiers

Mabibi na mabwana, naomba nianzie mwisho wa filamu. Mwanamume aliyetiwa pingu amesimama kwenye lango la chuma la bandari, na ng'ambo ya lango hilo meli inaondoka kuelekea Ufaransa. Kwenye sitaha yupo mwanamke ampendaye, naye ameinua macho kuutazama mtaa wa kale ulioko mlimani, kwa kuwa ameambiwa kwamba mwanamume huyo amekwisha kufa. Mwanamume anaita jina la mwanamke huyo kwa nguvu zake zote, na papo hapo meli inapiga honi. Mwanamke anaziba masikio kwa mikono miwili, kisha anageuka na kwenda zake. Mwanamume anatoa kisu kidogo na kujiua.

Filamu hiyo ni Pépé le Moko, iliyoongozwa na Julien Duvivier na kuanza kuonyeshwa Ufaransa mwezi wa Januari 1937, na mhusika wake mkuu akaigizwa na Jean Gabin. Wakati huo filamu za sauti zilikuwa hazijatimiza hata miaka 10 nchini humo, kwani za kwanza zilitoka mwaka 1929. Hoja yangu leo ni kwamba filamu hii, tangu mwanzo hadi mwisho, inahusu nani anasikika na nani hasikiki. Na kwamba mwongozaji wake alilielewa jambo hilo barabara alipowaonyesha wapendanao wake wawili, ila hakulielewa alipouonyesha mji wenyewe.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Pépé ni jambazi wa Paris aliyekimbilia Casbah, mtaa wa kale wa Algiers, mji ambao Wafaransa waliuteka mwaka 1830. Maadamu amo ndani ya vichochoro vya Casbah, polisi hawamwezi. Akiteremka hadi bandarini, amekwisha. Kachero Slimane, anayeingia na kutoka mtaani humo bila kizuizi, hana haraka ya kumkamata, kwa sababu anaamini kwamba iko siku Pépé atateremka mwenyewe. Siku hiyo inaletwa na Gaby, mwanamke wa Paris aliyekuja kutembea, anayemkumbusha kila alichokiacha kwao. Mapenzi yao yanakua kwa kutajiana majina ya mitaa ya Paris, na ukisikiliza vizuri utagundua kwamba Pépé anaupenda mji ule kupitia kwa mwanamke huyu.

Sasa tusikilize. Régis, aliyewauza wenzake kwa polisi na kumponza Pierrot, kijana wa genge la Pépé, anakalishwa mezani kucheza karata huku kila mtu chumbani akijua kitakachomfika. Pierrot anarejeshwa akiwa mahututi. Régis anarudi kinyumenyume kwa hofu, anaigonga ile piano inayojipiga yenyewe, na piano inaanza kutoa muziki wa kuchangamsha baraza wakati yeye anauawa. Katika enzi ya filamu bubu, mpiga piano aliyekaa chini ya skrini angepiga muziki wa huzuni ili watazamaji wajue wahuzunike. Hapa muziki unatoka ndani ya chumba kile kile, haumjui anayekufa wala haujali, na ndiyo sababu mauaji yale yanatisha kuliko ambavyo yangetisha kwa kilio chochote.

Tukio la pili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Usiku mmoja Pépé amekaa na Tania, mwanamke mnene wa makamo, ambaye anaigizwa na mwimbaji Fréhel. Tania anamweleza kwamba anapolemewa na majonzi huitazama picha yake ya ujanani na kuwaza kwamba yuko mbele ya kioo. Kisha anaweka santuri kwenye gramafoni, na sauti inayotoka ni yake mwenyewe ya zamani. Anaanza kuimba pamoja nayo, machozi yakimtiririka. Ieleweke kwamba Fréhel hakuwa akibuni. Alizaliwa Paris mwaka 1891, akawa nyota kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kisha ulevi na dawa za kulevya vikamharibia ujana wake na umbo lake. Wimbo ule ni wake kweli, wa miaka ya 1920, unaoiombolezea Paris iliyobomolewa, na muziki wake ulitungwa na Vincent Scotto, ambaye pia alitunga muziki wa filamu hii. Sauti mbili za mwanamke mmoja zinakwenda sambamba, moja haizeeki na nyingine imekwisha kuzeeka. Filamu bubu isingeweza kutuonyesha jambo hilo hata kwa picha elfu moja.

Na mji, je? Mwanzoni ofisa wa polisi anaieleza Casbah mbele ya ramani. Tunaziona ngazi, paa bapa zilizopangana kama vidato hadi baharini, na nyuso za wakazi. Anatuambia kwamba humo wamo watu 40,000, wakiwemo Wachina, Wamalta, Wasisili na Wahispania. Wakazi wenyewe wanapita tu. Sehemu kubwa ya mtaa ule ilijengwa studioni Joinville, karibu na Paris, na fundi wa mandhari Jacques Krauss, na kazi yake ni ya kustaajabisha. Lakini Slimane, kachero mwenyeji, ameigizwa na Lucas Gridoux, mzaliwa wa Romania. L'Arbi, mpasha habari wa polisi, ni Marcel Dalio wa Paris. Na Inès, mwanamke wa Casbah anayemsaliti Pépé kwa wivu, ni Mfaransa Line Noro. Mwaljeria ninayeweza kumtaja ni Mohamed Iguerbouchène, mtunzi wa muziki kutoka Kabylia, eneo la milima kaskazini mwa Algeria, aliyeshirikiana na Scotto. Mji mzima umeachiwa mtu mmoja auseme kwa ala. Hili linaniuma, na linaniuma zaidi kwa kuwa filamu yenyewe ni nzuri.

Marekani waliiga kisa hiki upesi, wakatoa filamu iitwayo Algiers mwaka 1938, na kwa kuwa kanuni zao za maadili hazikukubali mhusika ajiue, huko Pépé anapigwa risasi na polisi.

Ila filamu ninayoiona kuwa jibu la kweli ilipigwa katika Casbah yenyewe, ndani ya Algeria iliyojikomboa mwaka 1962. Mwongozaji Gillo Pontecorvo alitoa Vita vya Algiers mwaka 1966, na wengi wa waigizaji wake walikuwa wakazi wa mji huo ambao hawajawahi kuigiza. Inamalizika kwa maandamano ya kudai uhuru ya Desemba 1960. Moshi umetanda, askari mwenye kipaza sauti anawauliza watu wanataka nini, na kutoka ndani ya moshi ule yanamjibu makelele ya umati na vigelegele vya wanawake.