Kata Betri Kwanza: Mhadhara kwa Mafundi Vijana wa Kigoma

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Ahsanteni kwa kuja, najua Jumamosi mchana watu wengi wa Mwanga wako sokoni. Hiki kilichofunikwa kitenge hapa mezani ni kompyuta. Nitaifunua tukimaliza. Kwanza nataka mjue imefikaje hapa.

Ni 486DX2 ya megahezi 66, yenye ramu ya megabaiti 8. Prosesa ya aina hiyo Intel waliitoa mwaka 1992. Niliipata kwenye mnada wa vifaa chakavu vya shirika moja lililokuwa likihudumia wakimbizi mkoani kwetu miaka ya 1990. Ilikuwa haina kibodi wala monita, feni imeganda, na chini ya pawa saplai mjusi alikuwa ametaga mayai mawili. Nikaipandisha bodaboda mpaka nyumbani, nimeipakata kama mtoto. Nia yangu ilikuwa moja: icheze gemu za DOS, ule mfumo wa zamani wa kuendesha kompyuta kwa amri za kuandika, kwa sauti na picha zile zile za wakati wake.

Kuna atakayeuliza, si siku hizi zinachezeka hata kwenye simu? Zinachezeka. Ipo programu ya bure inaitwa DOSBox, inaigiza kompyuta nzima ya zamani ndani ya mpya, na kazi hiyo inaiweza vizuri sana. Asiye na mashine aitumie wala asijione mnyonge. Lakini sisi humu ni mafundi, au tunataka kuwa mafundi. Simu ikifa, unabaki unatazama chipu ndogo kuliko punje ya mchele, miguu yake imejificha tumboni. Kwenye bodi ya 486 mguu unauona. Unaugusa kwa ncha ya mita, unasoma volti. Njia ya umeme unaifuata kwa jicho lako kutoka tundu la kibodi mpaka kwenye chipu inayopokea. Mimi nimejifunza elektroniki nyingi zaidi kwenye mabodi haya kuliko mahali pengine popote.

Halafu kuna jambo linalonigusa zaidi. Mkisoma habari za Wazungu wanaofufua kompyuta za zamani, mtakutana na Commodore 64 ya mwaka 1982 na Amiga 500 ya 1987, mashine walizochezea sebuleni wakiwa watoto. Sisi hatukuwa na sebule hiyo. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na bila kibali maalumu hukuipata. Mlango ulipofunguka miaka ya 1990, zilizoingia kwa wingi zilikuwa za kazi: za miradi, za mashirika, za maduka ya kuchapa barua, nyingi zimeshatumika kwingine. Kwa hiyo sisi kompyuta tuliikuta ofisini. Mtoto alicheza gemu jioni, watu wakishatoka kazini, kwa hisani ya mjomba mwenye ufunguo. Kwa sababu hiyo siwaambii muitamani Commodore. Ya kwetu ni haya maboksi ya rangi ya maziwa yaliyorundikwa kwenye stoo za ofisi, za misheni na za shule, yanayoishia kuuzwa kwa kilo kwenye vyuma chakavu.

Sasa tufungue boksi. Kabla ya kufuta vumbi, kabla hata ya kuwaza kuwasha, tafuta betri.

Bodi nyingi za 386 na 486 zina betri ya nikeli-kadimi ya volti 3.6. Ina umbo la pipa dogo, imevikwa plastiki ya bluu au kijani, imelehemewa kwenye bodi, mara nyingi karibu na tundu la kibodi. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya BIOS, ile programu ndogo ya kwenye bodi inayoiamsha mashine. Ikikaa miaka bila kuchajiwa huvuja, na kinachovuja ni alkali kali. Inatambaa chini ya ile rangi ya bodi na kula njia za shaba polepole. Ya kwangu ilikuwa imeacha ukoko wa kijani, upana wa vidole vitatu. Niliikata kwa plaizi, nikachovya mswaki kwenye siki ya kawaida ya dukani na kusugua. Siki ni asidi, inaituliza alkali. Utaona inatoa povu jembamba, na povu likikoma ujue imemaliza. Nikasuuza kwa maji safi, nikamalizia kwa spiriti, nikaianika kivulini siku mbili.

Baada ya hapo nikashika mita. Njia mbili zilikuwa zimekatika kabisa, na moja ilikuwa inakwenda kwenye chipu ya kibodi. Angalieni vizuri: ningeiwasha hivyo hivyo ingewaka, ingeniambia kibodi haipo, nami ningezunguka mji mzima kutafuta kibodi nyingine. Nilichomoa unyuzi mmoja tu wa shaba kwenye waya wa spika, nikaulehemu kuziba pengo, juu nikapaka rangi ya kucha niliyomwomba binti yangu. Rangi ya kucha ikikauka inazuia umeme usipite. Ni nyekundu, na ukifungua boksi leo utaiona. Sikuificha, maana fundi atakayekuja baada yangu anatakiwa ajue niligusa wapi.

Nilipokuwa nimeinamia ile bodi nilikuwa naiwaza Liemba, meli ya ziwa letu. Habari yake wote mnaijua. Wajerumani waliileta vipande vipande, makasha yapata 5,000, wakaiunganisha hapa hapa Kigoma, ikashuka majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 wakaizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui. Ila kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake grisi nene. Waingereza wakaiibua 1924, miaka minane baadaye, wakakuta injini bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini, na jina la Liemba. Wale mafundi walikuwa wameshindwa, wanakimbia, na bado walipata muda wa kupaka grisi.

Aliyeiweka kompyuta yangu stoo hakuhitaji hata grisi. Alihitaji plaizi na dakika moja. Kwa hiyo nawaombeni, hata kama huna mpango wa kufufua chochote: Jumatatu ukifika kazini, omba ruhusa, fungua hayo maboksi ya stoo, kata betri, funga, ondoka. Umeshaokoa mashine.

Betri mpya usiweke ya aina ile ile. Mimi nimeweka kidonge cha CR2032, kile cha rimoti ya gari, mafundi saa wanacho. Lakini sikilizeni hapa. Bodi hizi zimetengenezwa kuichaji betri yake, na kidonge cha lithiamu hakichajiwi. Ukikilazimisha kinaweza kupasuka. Weka dayodi moja inayoruhusu umeme utoke kwenye kidonge kwenda kwenye bodi na kuuzuia usirudi. Ya kwangu niliitoa kwenye chaja ya simu iliyokufa. Bodi nyingine zina pini nne za betri ya nje. Ukizitumia hizo na jampa, kile kifuniko kidogo cha kuunganisha pini, ukaiweka inavyotakiwa, bodi haichaji tena.

Upande wa umeme nitasema kwa ufupi, ila kwa uzito. Mashine yangu ya kwanza kabisa, kabla ya hii, niliiua mwenyewe. Nyuma ya pawa saplai kuna swichi ndogo nyekundu, 115 au 230. Ilitoka nchi ya volti 115 na mimi sikutazama. Ulisikika mlio mmoja kama fataki, moshi ukatoka, basi. Tazameni swichi. Jueni pia kwamba kwenye maboksi haya ya zamani waya wa kitufe cha mbele unabeba umeme wa ukutani wenyewe, volti 230, kwa hiyo chomoa plagi kabla ya kuingiza mkono. Plagi mbili zinazolisha bodi zinakaa bega kwa bega, nyaya nyeusi zikutane katikati. Ukizigeuza unaunguza bodi. Na monita ya chupa, yenye volti zaidi ya 20,000 ndani, inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuzimwa. Kama hujafundishwa kuifungua, usiifungue.

Nilipoiwasha, diski yake ya zamani ikazunguka. Nikafurahi mno. Nikaandika DIR nione kuna nini, nikafungua faili moja. Ilikuwa orodha: jina la mkuu wa kaya, idadi ya watoto, wilaya aliyotoka, mgao wa unga na mafuta. Mistari na mistari. Nikazima mashine nikakaa kimya muda mrefu. Mama aliyekimbia vita hakumtajia karani jina lake ili mimi nije kulisoma natafuta pa kuweka gemu. Kesho yake niliifuta diski nzima kwa programu inayoandika sifuri juu ya kila sehemu, maana kufomati kwa haraka kunafuta orodha ya mafaili tu na yaliyomo yanabaki. Kisha nikaitoa. Vijana, mtakutana na haya. Diski za ofisi zina watu ndani.

Mahali pake nimeweka kadi ya CF, ile ya kamera za zamani, kwa kipande cha kuunganishia cha bei ndogo. Mashine inaiona kama diski ya kawaida. Haina sauti, haizunguki, na umeme ukikatika ghafla hakuna kichwa cha diski kitakachokwaruza kitu. BIOS nyingi za wakati ule haziwezi kuona zaidi ya megabaiti 504, kwa hiyo kadi inayoandikwa 512, ambayo kwa hesabu ya BIOS huwa chini kidogo ya 504, inaingia bila matatizo na gemu zote mtakazozitaka zinaenea. Disketi nazo ni za kutafuta kwa tochi, na ukizipata zina ukungu wa unyevu wa ziwa. Nimeweka kifaa kinaitwa Gotek: kinakaa kwenye tundu lile lile la disketi, na wewe unachomeka flashi yenye nakala za mamia ya disketi.

Sauti ndiyo iliyonitesa. Kadi ni Sound Blaster 16, ina chipu ya Yamaha inayoutengeneza muziki palepale kwa kuchanganya mawimbi. Gemu inaituma noti, chipu inaipiga. Wiki mbili ilikuwa bubu. Nikabadilisha kadi, nikabadilisha spika. Mwisho nikaisoma upya faili ya AUTOEXEC.BAT, yenye amri ambazo DOS huzitekeleza ikiwaka: mstari ulisema I7, na kadi ilikuwa imewekwa IRQ 5, yaani namba ambayo kadi huitumia kuiita prosesa. Tarakimu moja! Nikaandika SET BLASTER=A220 I5 D1, nikawasha upya, na nyumba nzima ikasikia. Mwanangu alitoka jikoni na kijiko mkononi.

Kuna gemu za miaka ya 1980 zilizoandikwa kwa prosesa ya megahezi 4.77, kwenye mashine hii zinakimbia hadi hazichezeki. Kitufe cha Turbo cha mbele kipo kwa ajili hiyo. Jina linadanganya, kazi yake hasa ni kuipunguza mashine mwendo. Watu wengi hukikata waya wakidhani ni pambo. Kiacheni.

Nilichokipenda kuliko vyote ni menyu. Ukiwasha, DOS haikuachii skrini nyeusi. Kwa amri ya CHOICE, iliyokuja na MS-DOS 6, nimeandika faili fupi inayosema kwa Kiswahili: "Karibu. Chagua mchezo." Namba 1 mpaka 6, na 7 "Zima kwa usalama." Wajukuu wa jirani hawajui DOS ni nini, na wanaitumia.

Mtaona boksi lina manjano. Ipo njia ya kulirudishia weupe kwa haidrojeni peroksaidi, ile ya saluni, ukalianika juani. Sijaifanya, na mabaka yakitokea hayaondoki. Sikutoboa bati wala sikukata plastiki popote. Kadi ya CF imekaa kwenye kibati nilichokikunja na kukifunga kwa skrubu za matundu yaliyokuwepo, na kila nilichokitoa kiko kwenye boksi lenye lebo chini ya meza hii, isipokuwa betri, iliyokwisha kuoza.

Wa nyuma sogeeni. Dada hapo, saidia kuondoa kitenge. Nawasha. Itahesabu ramu kwanza, taratibu, mpaka 8192, kisha mtasikia mlio mmoja mfupi. Nani ana mikono myepesi aje ashike kibodi?