Programu Utaipakua Tena, Data Hutaipakua

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Naona wengi mmekuja na laptopu, wachache mmekuja na daftari tu. Mko sawa wote, kwa sababu leo sitaki mtu abonyeze chochote mpaka nimalize. Ukifungua kisakinishi cha PostgreSQL, programu ya hifadhidata, yaani ya kutunza data kwa majedwali, kwenye Windows ukabonyeza kuendelea, kuendelea, kuendelea bila kusoma hata neno moja, kitamaliza kazi yake vizuri tu na utaanza kutengeneza majedwali siku hiyo hiyo. Ndiyo maana watu husema ni rahisi. Balaa huja baadaye, siku kompyuta inapopelekwa kwa fundi.

Mnajua inavyokuwa. Mashine imekuwa nzito, fundi anaitazama, anasema hii dawa yake ni kupiga Windows upya. Anauliza, "Una vitu vyako vya muhimu humu?" Mwenyewe anakumbuka picha za harusi, anakumbuka barua na mikataba, anavihamishia kwenye flashi. Fundi anafuta diski C. Jioni mtu yuko nyumbani, anasakinisha PostgreSQL tena, anafungua: hamna kitu. Wateja, madeni, mauzo ya mwaka mzima, vyote vimekwenda. Kwa sababu kisakinishi, usipokiambia vinginevyo, huweka data ndani ya Program Files, hapo hapo diski C, kwenye folda inayoitwa data. Nani huenda kutafuta vitu vyake Program Files?

Basi hilo ndilo lililonileta. Programu ni kitu kimoja, data ni kitu kingine. Programu iko mtandaoni bure, ukiipoteza leo kesho unaipakua, utaumia bando tu, zaidi ya megabaiti 300. Data uliyoiandika wewe haiko popote ila pale ulipoiweka. Ukilielewa hilo, kila swali la kisakinishi utalijibu ukijua unajibu nini.

Kabla hatujafika huko, mtu anaweza kuniuliza kwa nini PostgreSQL. Kwa kweli si kila mtu anaihitaji. Kama ni wewe peke yako, kompyuta moja, orodha ya vitabu vyako au matumizi ya nyumbani, tumia SQLite, hifadhidata ndogo: haina seva, yaani programu inayokaa macho kuwahudumia wengi kwa pamoja, haina nywila, data yote ni faili moja unayoweza kuinakili ukiwa umeifunga. Mnayo tayari mifukoni: simu za Android zinaitumia kila dakika. Lakini ukitaka watu watatu waandike kwa pamoja kutoka meza tatu, au unataka ujuzi wa kukupatia kazi, hapo ndipo seva inapohitajika. Mfumo wa DHIS2 uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo, ambao wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda hukusanyia takwimu zake, umekaa juu ya PostgreSQL. OpenMRS, iliyoanza kutumika kule Eldoret mwaka 2006 kwa kumbukumbu za wagonjwa, imekulia juu ya MySQL, hifadhidata nyingine ya aina hii. Unachokiweka kwenye laptopu yako leo ni kile kile kilichoko huko, hakuna toleo la watoto na toleo la wakubwa.

Historia nitaipita mbio. Edgar Codd wa IBM aliandika mwaka 1970 wazo la kupanga data kwa majedwali. Michael Stonebraker na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, wakalifanyia kazi, mwaka 1986 wakaanza mradi wa POSTGRES, na jina la PostgreSQL likaja 1996. Tangu hapo inatunzwa na watu wa nchi nyingi na hakuna kampuni moja inayoimiliki. Hilo mimi ndilo linalonifanya niipendekeze, maana MySQL ilinunuliwa na Sun mwaka 2008, Sun nayo ikamezwa na Oracle mwaka 2010, na aliyeianzisha akaona bora atengeneze nyingine, MariaDB.

Turudi kwenye kisakinishi. Kitakuuliza programu ikae wapi: kubali tu. Kitakuuliza vipande gani unataka: seva, pgAdmin ya kubonyeza kwa kipanya, zana za kuchapa amri. Chukua hivyo vitatu. Kile cha nne, Stack Builder, huna haja nacho leo. Halafu kitakuuliza folda ya data. Hapa simama.

Kama diski yako imegawanywa na una D, tengeneza folda huko, ipe jina linaloeleweka, uielekeze huko. Windows ikipigwa upya, C itafutwa, D itabaki, mradi fundi asiwe mwenye mkono mwepesi. Usiiweke kwenye flashi. Siku ikichomolewa seva ikiwa inaandika, utajuta. Usiiweke ndani ya folda inayopandishwa mtandaoni na OneDrive au Dropbox. Watu hufanya hivyo kwa nia njema kabisa, wakidhani wamepata nakala ya bure. Seva inataka faili zake iwe nazo peke yake. Mwingine akizigusa gusa huku inaandika, ugomvi hauishi. Na jibu lolote utakaloamua, liandike. Kwenye karatasi, si kwenye kompyuta hiyo hiyo.

Nywila inayofuata ni ya mtumiaji anayeitwa postgres, ambaye ndani ya hifadhidata hakuna asichoweza. Watu wengi huweka 1234 kwa sababu "ni ya majaribio tu". Sijaona majaribio yasiyogeuka kuwa kazi. Weka nywila ya kweli, kisha ukishaingia tengeneza mtumiaji mwingine mdogo, mwenye ruhusa ya hifadhidata moja, na programu yako ya duka itumie huyo. Postgres mwenyewe mwache apumzike.

Kisha poti, yaani namba ya mlango ambao seva husikilizia. Kitakuonyesha 5432. Lakini ukiona 5433, ujue kuna PostgreSQL nyingine tayari ndani ya mashine hiyo, labda uliisakinisha ukasahau, labda ililetwa na programu nyingine. Vijana hupoteza siku nzima hapa: nywila ni sahihi, seva inaikataa, kumbe wanaongea na ile ya zamani kwenye 5432. Usipuuze tarakimu hiyo moja.

Na hili la programu kuletwa na programu nyingine lina kisa chake. Tarehe 25 Januari 2003 kilitokea kirusi cha Slammer. Kilikuwa kidogo mno, baiti 376 tu, kikashambulia SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, kupitia poti ya 1434. Kompyuta zipatazo 75,000 ziliambukizwa, nyingi ndani ya dakika 10, intaneti ya Korea Kusini ikalala. Dawa ilikuwa imeshatolewa tangu Julai 2002. Lakini baadhi ya walioambukizwa hawakujua kama wana hifadhidata! Walikuwa na toleo dogo lililoitwa MSDE, limekuja kimyakimya ndani ya programu nyingine, limefungua mlango kwa mtandao wote. PostgreSQL ikisakinishwa ilivyo husikiliza kompyuta yake yenyewe tu, localhost. Kwenye Windows kisakinishi kina kawaida ya kulilegeza hili, kwa hiyo fungua faili la postgresql.conf, tafuta listen_addresses, ukikuta nyota weka localhost mpaka siku utakapohitaji wengine waingie. Siku hiyo ikifika, faili la pg_hba.conf ndilo mlinzi wa getini: andika humo anwani za kompyuta za ofisini kwako tu, kwa njia ya scram-sha-256, inayodai nywila na kuihakiki kwa usalama. Mwanzoni mwa 2017 maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizoachwa wazi bila nywila zilifutwa na wahuni, wakaacha ujumbe wa kudai fedha. Hawakuvunja kitu. Mlango ulikuwa wazi wakaingia.

Sasa lugha. Mtasema sisi Kiswahili chetu kinaandikwa kwa herufi za kawaida, hatuna shida ya Wachina wala Waarabu. Hakikisheni tu hifadhidata ni UTF8, mpangilio unaobeba herufi za lugha zote. Ukiwa ndani ya psql, ile zana ya kuchapa amri, chapa \l utaiona. Ila sisi tuna shida yetu: ng'ombe. Kwenye SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, alama ile ya ng' ndiyo inayofungua na kufunga maneno. Ukichapa INSERT INTO mifugo (aina) VALUES ('ng'ombe'), seva inasoma ng, inadhani neno limeisha, halafu inakuta ombe na haijui ni mnyama gani. Unatakiwa uandike alama mbili, 'ng''ombe'. Majina ya watu ndiyo yanayoumiza zaidi: Nyong'o, Ng'wandu, Ong'ang'o. Mfumo uliokataa jina la mteja kwa sababu hiyo si mfumo mbovu tu, ni mfumo ambao mhuni anaweza kupenyeza amri zake kupitia tundu hilo hilo. Dawa ni kwamba programu yako isiunganishe maneno kwa mkono, itume thamani kando na amri. Kila lugha ya programu ina namna yake ya kufanya hivyo.

Na bado hujamaliza. Baadhi ya simu huandika alama iliyopinda, ’ badala ya '. Kwa jicho ni ile ile, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Karani mmoja anaandika kwa simu, mwingine kwa laptopu, unatafuta Nyong'o unapata nusu ya kumbukumbu zake. Amueni mapema alama moja, na programu ibadilishe nyingine kabla ya kuhifadhi. Vitabu vya kutoka nje havitakuambia hili, kwa sababu walioviandika hawafugi ng'ombe.

Wa Ubuntu, mnaotumia Linux badala ya Windows, mnanitazama. Kwenu ni amri moja, sudo apt install postgresql, na haitakuuliza nywila, wala usishangae: inamwamini mtumiaji wa mfumo. Ingia kwa sudo -u postgres psql. Data iko /var/lib/postgresql. Basi, yaliyobaki ni yale yale.

Umeme sasa. Hapa kwetu hatuwezi kusakinisha kitu bila kuuzungumzia. Mwenye duka makini huandika kwenye daftari kwanza, ndipo anatoa mzigo. PostgreSQL nayo kabla haijagusa majedwali huandika mabadiliko kwenye kumbukumbu ya pembeni, ikahakikisha yamefika kwenye diski, ndipo inakujibu kwamba imekubali. Umeme ukikatika katikati, ukirudi inasoma kumbukumbu hiyo, inamalizia ilichoahidi na kutupa ambacho hakikukamilika. Subiri, usiikatize. Kumbukumbu hiyo inakaa kwenye folda ya pg_wal. Zamani iliitwa pg_xlog, na watu waliokuwa wanatafuta nafasi kwenye diski waliifuta wakidhani ni takataka za logi. Waliumia wengi kiasi kwamba mwaka 2017, toleo la 10, ilipewa jina jipya. Diski ikijaa, futa sinema. Na mkikutana na ushauri wa kuzima fsync, yaani ule uhakikisho kwamba maandishi yamefika kwenye diski, ili iende kasi, muulizeni anayewashauri kama kwao umeme hukatika.

Maswali. Karibu.

Marahaba, dada. Anauliza kama haiwezekani kunakili ile folda ya data kwenye flashi kila Ijumaa, mambo yakaisha. Seva ikiwa inafanya kazi, hapana: utapata nakala ya vitu vilivyokuwa katikati ya kuandikwa, na siku ya shida itagoma kuwaka. Tena hata ukiizima kwanza, folda ya toleo la 15 haifunguliwi na toleo la 16. Matoleo makubwa hutoka kila mwaka na kila moja hutunzwa miaka mitano, kwa hiyo utahama tu. Tumia pg_dump, zana ya kutoa nakala: pg_dump -U postgres -Fc -f duka.dump duka, ambapo duka la mwisho ni jina la hifadhidata yako. Faili hilo ndilo la kupeleka kwenye flashi, kwa dada yako, mtandaoni, popote. Halafu liende kwenye kompyuta nyingine ulifungue kwa pg_restore, uhesabu wateja kama wametimia. Watumiaji na nywila zao hawamo humo. Hao wachukue kwa pg_dumpall --globals-only.

Na wewe kaka wa nyuma. Amesahau nywila ya postgres, anataka kufuta kila kitu aanze upya. Usifute! Kwenye pg_hba.conf badilisha kwa muda mistari ya 127.0.0.1 na ::1, anwani za kompyuta yenyewe, iwe trust, yaani iingie bila nywila, washa seva upya, ingia, chapa ALTER USER postgres PASSWORD na nywila mpya, kisha rudisha scram-sha-256 kabla hujainuka kwenye kiti. Hata ungeiondoa programu, kwenye Windows kiondoaji huiacha folda ya data ilipo na kukuambia hivyo kwenye kidirisha ambacho watu hukifunga bila kusoma. Kwenye Ubuntu apt remove nayo huiacha. Ni apt purge ndiyo itakayokuuliza kama ifute na data, na jibu la hapo ni hapana.